Upasuaji wa Goita: Dawa ya Usingizi na Ulinzi wa Neva za Sauti

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ikiwa na pande mbili zilizoungwa katikati na kipande chembamba. Ikivimba huitwa goita. Kenya ilianza kulazimisha chumvi ya kula itiwe iodini katika miaka ya 1970, na goita zile kubwa zinazotokana na ukosefu wa iodini zikapungua sana, ingawa hazikuisha. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wapo akina mama waliokulia sehemu za milimani kabla ya chumvi hiyo kuenea, na vinundu vya wakati ule vimeendelea kukua polepole. Wapo pia vijana wenye ugonjwa wa Graves, ambao hufanya tezi imwage homoni kupita kiasi, na wengine wana kinundu kimoja kinachoshukiwa kuwa saratani. Si wote wanaohitaji kisu. Kwa kawaida upasuaji hushauriwa kukiwa na saratani au shaka ya kweli ya saratani, goita inapobana njia ya hewa au umio, au dawa za kutuliza tezi zinaposhindwa kufanya kazi.

Wengi huogopa kovu la shingoni. Kovu hufifia. Linalostahili kuulizwa mapema zaidi ni sauti, na sauti imo mikononi mwa watu wawili wanaoshughulikia shingo moja kwa wakati mmoja: daktari mpasuaji na daktari wa usingizi. Siku hizi mashine ya kufuatilia neva hutajwa sana, hasa katika hospitali za kulipia, na wagonjwa huambiana kwamba hospitali iliyo nayo ndiyo salama. Lakini mashine hiyo hutoa majibu ya uongo ikiwa dawa ya usingizi haikupangwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na neva, unapitia maandalizi, na unakaa zaidi kwenye kazi ya daktari wa usingizi.

Neva za sauti

Kila upande wa tezi una neva mbili zinazohusu sauti, zote zikiwa matawi ya neva kubwa ya vagasi inayotoka ubongoni. Iliyo muhimu zaidi ni neva rejea ya kikoromeo. Unene wake ni milimita 2 hivi, na njia yake ni ya kuzunguka: huteremka pamoja na vagasi hadi kifuani, ikikipita kikoromeo inachokwenda kukihudumia, kisha hupinda na kupanda tena, kama abiria wa Buruburu aliyepitishwa stendi yake hadi mwisho wa gari akalazimika kurudi kwa miguu. Ya kushoto huzunguka aota, mshipa mkuu wa moyo. Ya kulia huzunguka ateri inayokwenda mkononi. Zikipanda hupita katika mfereji mdogo kati ya koo la hewa na umio, nyuma kabisa ya tezi. Hapo ndipo mkasi, nyuzi za kufungia mishipa na joto la mashine ya kuunguzia damu hufanya kazi karibu nazo mno. Kwa watu wachache sana, takriban 1 kati ya 100 au pungufu, neva ya kulia haiteremki kifuani hata kidogo. Hukata moja kwa moja kutoka pembeni mwa shingo, na mpasuaji asiyeitarajia anaweza kuidhania mshipa mdogo wa damu.

Neva hii huendesha misuli inayofungua na kufunga nyuzi za sauti. Ikiumia upande mmoja, sauti hukwaruza na kutoka na pumzi nyingi, kikohozi hukosa nguvu, na maji ya kunywa huweza kupalia mara kwa mara. Ikiumia pande zote mbili, nyuzi hukaribiana na kuziba njia ya hewa. Kila pumzi hutoa mlio, na mgonjwa huenda akalazimika kutobolewa koo ili apumue. Jambo hili la pande mbili ndilo hasa linalohofiwa thietani, na maamuzi mengi ya siku ya upasuaji hufanywa kwa ajili ya kuliepuka.

Neva ya pili ni ndogo zaidi. Hupita karibu na ncha ya juu ya tezi na kazi yake ni kukaza nyuzi kwa ajili ya sauti za juu. Mtu wa kawaida huenda asiitambue kasoro yake, ila msoprano wa kwaya ya St. Stephen's kwenye Barabara ya Jogoo ataitambua Jumapili ya kwanza atakaporudi. Mwimbaji wa opera Amelita Galli-Curci alipasuliwa goita mjini Chicago mwaka 1935, na kwa miongo mingi vitabu vya upasuaji vilisimulia kwamba neva hiyo ndiyo iliyomharibia sauti. Watafiti wa baadaye walizikagua habari hizo na kuzitilia shaka. Hata hivyo, kisa hicho kiliwafanya wapasuaji waiheshimu neva waliyokuwa wakiipuuza. Makanga, mwalimu, mhubiri na mwenye kunadi mitumba Gikomba wote wanaishi kwa sauti, na kazi hiyo inafaa kutajwa kwa mpasuaji waziwazi, kwa kuwa haionekani kwenye skani.

Maandalizi kutoka mtaani hadi wodini

Safari ya kawaida huanza kwenye kituo cha afya cha karibu, ambako huduma za ngazi ya 2 na ya 3 hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, mnamo Oktoba 2024. Usajili hufanywa hata kwa simu kupitia *147#. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kutoka hapo mgonjwa huandikiwa barua ya rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyofunguliwa mwaka 2011 upande wa Umoja na Komarock. Goita iliyoshuka kifuani, saratani iliyofika kwenye tezi nyingine za shingo, au shingo iliyowahi kupasuliwa ni kazi ya hospitali kubwa: Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko Kahawa, Aga Khan, au Kijabe kwa wanaokubali kusafiri.

Kabla ya kupewa tarehe, yafaa kuuliza kama SHA imekwisha kuidhinisha upasuaji, na kama idhini hiyo inagusa vifaa vya kufuatilia neva. Mrija maalumu wa kupumulia unaotumika na mashine hiyo hutumika mara moja tu na kutupwa, huagizwa kutoka nje, na bei yake ni mara nyingi zaidi ya mrija wa kawaida. Bili inayoongezeka baada ya upasuaji mara nyingi hutokea hapa.

Vipimo vya damu huonyesha kiwango cha homoni za tezi, kalisi na wingi wa damu. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha vinundu, na sindano nyembamba huchota chembe za kupimwa. Kipimo kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote ni kile cha bei nafuu: daktari wa masikio, pua na koo kupitisha kamera nyembamba puani na kutazama nyuzi za sauti zikifanya kazi. Huchukua dakika chache. Uzi mmoja unaweza kuwa umepooza na sauti ikasikika sawa, kwa sababu ule mwingine umejifunza kufidia. Asiyetazamwa kabla hawezi kujua baadaye kama kasoro ililetwa na upasuaji au alikuwa nayo siku zote, na mpasuaji naye huingia kazini bila kujua kwamba neva aliyobakiwa nayo mgonjwa ni moja tu.

Tezi inayomwaga homoni kupita kiasi sharti itulizwe kwanza. Kumpasua mtu ambaye moyo wake unadunda mbio kunaweza kuzua dhoruba ya thairoidi: homa kali, mapigo yasiyopangika, kuchanganyikiwa, na wakati mwingine kifo. Kabimazoli hutumiwa kwa wiki kadhaa, propranololi hupunguza kasi ya moyo, na mwenye Graves huongezewa matone ya iodini ya Lugol kwa siku 10 hivi za mwisho. Mgonjwa akianza kujisikia nafuu hushawishika kuacha vidonge ili aokoe pesa. Akiacha, tarehe ya upasuaji huahirishwa akiwa tayari wodini.

Kisha huja mazungumzo na daktari wa usingizi. Nchini Kenya kazi hii hufanywa na madaktari bingwa, na pia maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea nusukaputi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza atahudumiwa na nani, na majina ya madaktari hupatikana katika sajili ya baraza lao, KMPDC. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu aeleze hali ya mgonjwa, matibabu na hatari zake kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa inapowezekana. Kusema «Daktari, naomba unieleze kwa Kiswahili» si usumbufu.

Maswali yake yanaweza kuonekana ya kipuuzi. Mgonjwa hulalia mito mingapi? Akilala chali hupaliwa? Akiinua mikono yote miwili hadi masikioni kwa dakika moja, uso huvimba na kuwa mwekundu au mweusi? Ishara hii ya mwisho, iliyoelezwa na daktari Pemberton mwaka 1946, huonyesha goita iliyojishindilia kwenye mlango wa kifua na kubana mishipa ya damu. Skani ya CT hupima mahali koo la hewa lilipobanwa zaidi. Pakiwa pembamba mno, mrija huingizwa mgonjwa akiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi, kwa kamera inayopinda. Hakuna raha ndani yake, lakini ni salama kuliko kumlaza mtu kisha njia ya hewa ikafunga.

Daktari wa usingizi si askari, na anayoambiwa hubaki kwake. Miraa na muguka huchangamsha moyo na kuivuruga presha chini ya dawa, kwa hiyo aliyetafuna usiku wa kuamkia upasuaji aseme. Vivyo hivyo kwa pombe ya kila siku, bangi, sigara, dawa za mitishamba, na vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya: baadhi yake ni steroidi, na mwili uliozizoea huweza kuporomoka presha ukinyimwa wakati wa upasuaji. Familia zenye asili ya Nyanza na Magharibi, ambazo ni nyingi Eastlands, zitaje kama kuna ugonjwa wa selimundu. Jino linalotikisika hutajwa pia, na kifo chochote cha ghafla thietani katika ukoo.

Saluni nayo ina sehemu yake. Rangi nzito au kucha za jeli huzuia kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, kwa hiyo walau vidole viwili viachwe wazi. Nywele za kusuka hazina neno, ila zisifungwe fundo kubwa kisogoni: shingo hulazwa nyuma juu ya mto uliowekwa chini ya mabega, na fundo hilo hukisukuma kichwa mbele, mahali pasipotakiwa. Vibanio vya chuma vitolewe.

Kuhusu kufunga, kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, na chakula kizito chenye mafuta huhitaji muda zaidi. Kosa la kila wiki ni chai. Chai ya maziwa ni chakula. Kikombe kimoja alfajiri, hata bila mkate, hutosha kuahirisha upasuaji, kwani kinaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni mgonjwa anapolala. Vidonge vya tezi na vya moyo kwa kawaida humezwa asubuhi hiyo na funda la maji. Vya sukari na baadhi ya vya presha huachwa, lakini kwa agizo la daktari, si kwa kukisia.

Kazi ya daktari wa usingizi thietani

Mgonjwa huwekewa sindano mkononi, waya za moyo kifuani, mkanda wa presha, na kipimo cha oksijeni kidoleni. Huvuta oksijeni kwa barakoa dakika chache, kisha hupewa dawa kali ya maumivu na propofoli ya kulaza. Hadi hapa hakuna tofauti na upasuaji mwingine wowote. Tofauti huanzia kwenye dawa ya kulegeza misuli.

Katika upasuaji mwingi misuli yote hupoozwa kwa muda ili mrija uingie kwa urahisi na mwili utulie. Mashine ya neva, kwa upande wake, haipimi neva moja kwa moja. Hupima mshtuko wa misuli ya nyuzi za sauti pale neva inapoguswa na umeme. Misuli iliyopoozwa haishtuki. Mpasuaji atagusa neva nzima, mashine itakaa kimya, na atadhani ameikata au kwamba alichokigusa si neva. Hili la pili ndilo baya zaidi, maana anaweza kukikata. Kwa hiyo daktari wa usingizi huchagua kati ya njia mbili. Hutumia suksamethoniamu, inayoisha nguvu ndani ya dakika 10 hivi, au rokuroniamu kwa dozi ndogo, takriban miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito, ambayo huwa imepungua mpasuaji anapoifikia neva. Ipo dawa ya kuiondoa rokuroniamu mara moja, sugamadeksi, ila bei yake si ya kila thieta. Pasipo nayo husubiriwa, na kipimo kidogo cha umeme kwenye kifundo cha mkono huonyesha kama misuli imerudi.

Baada ya hapo misuli iko huru, na mgonjwa sharti atulie kwa usingizi wenyewe, bila kupoozwa. Usingizi mwepesi huleta kikohozi kisu kikiwa shingoni. Kwa hiyo gesi au propofoli huendeshwa kwa kiwango cha juu kidogo, pamoja na dawa ya maumivu, huku presha ikichungwa isiporomoke. Kazi hii ni nzito kuliko inavyoonekana, na ndiyo sababu daktari wa usingizi aliyezoea tezi ana thamani kubwa kuliko chapa ya mashine.

Mrija wenyewe una elektrodi ubavuni, juu ya puto, ambazo zinapaswa kugusa nyuzi za sauti pande zote mbili. Ukiingia sentimita moja zaidi au ukijizungusha kidogo, elektrodi hugusa mahali pasipo na misuli inayotakiwa. Jambo linalosahaulika ni kwamba mrija husogea shingo inapolazwa nyuma. Daktari makini huuingiza, humweka mgonjwa katika mlalo wa upasuaji, halafu hutazama tena kwa kamera kabla ya kuufunga kwa plasta. Mafuta au dawa ya kupuliza yenye ganzi haipakwi kwenye mrija huo wala kwenye nyuzi, kwa sababu huzima majibu. Mate mengi nayo huharibu usomaji, hivyo hufyonzwa.

Jinsi mashine inavyosomwa

Mpasuaji hushika kijiti chenye umeme mdogo, kwa kawaida kati ya miliampea 1 na 2, na kukigusisha pale anapodhani pana neva. Neva ikijibu, mashine hulia na mchoro huonekana kwenye skrini. Wazo si jipya. Galen, tabibu wa Roma ya kale, alifunga neva hizi za nguruwe mbele ya watu na mnyama akaacha kulia ghafla. Majaribio ya kuzitafuta neva kwa umeme wakati wa upasuaji yalianza miaka ya 1960.

Kipimo cha kwanza hufanywa kwenye vagasi kabla tezi haijaguswa. Kikitoa jibu la maikrovolti 500 au zaidi, mfumo mzima umethibitishwa: neva, misuli, mrija na dawa. Kipimo cha mwisho hurudi kwenye vagasi hiyo hiyo tezi ikiwa imeshatolewa. Mpasuaji anayegusa neva mbele tu ya mahali ilipoumia, upande wa kikoromeo, anaweza kupata jibu zuri la uongo, kwa kuwa sehemu iliyo mbele ya jeraha bado inafanya kazi. Vagasi humwonyesha njia nzima. Jibu likishuka chini ya maikrovolti 100 eneo likiwa kavu, mawimbi yamepotea.

Hapo kazi husimama. Daktari wa usingizi huulizwa kwanza: kuna dawa ya kulegeza iliyoongezwa? Mrija umesogea? Waya umechomoka? Mpasuaji huweka kidole nyuma ya kikoromeo na kugusa vagasi kwa umeme: kikishtuka chini ya kidole, neva iko sawa na tatizo ni la vifaa. Kisipotikisika, na vagasi ya upande wa pili ikijibu vizuri, neva ya upande huu huenda imevutwa au kuungua. Ushauri wa kimataifa ni kutougusa upande wa pili siku hiyo. Mgonjwa huamshwa, nyuzi hutazamwa, na nusu iliyobaki hutolewa wiki au miezi baadaye neva ikishapona. Faida kubwa ya mashine iko hapa: humpa mpasuaji sababu ya kusimama kabla ya kuhatarisha upande wa pili. Mgonjwa wa kutolewa tezi nzima anafaa kuulizwa mapema kama anakubali mpango huo, na kuelewa kwamba kuamka na nusu ya tezi si ishara ya uzembe.

Je, mashine hupunguza majeraha? Jaribio la Poland lililochapishwa mwaka 2009, likiwa na wagonjwa 1,000, lilionyesha kwamba majeraha ya muda yalipungua, lakini tofauti katika yale ya kudumu haikuwa wazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mashine inashinda macho ya mpasuaji. Kwa hiyo hospitali isiyo nayo haipaswi kukimbiwa. Swali la maana zaidi ni mpasuaji hutoa tezi ngapi kwa mwaka, na kama huitafuta neva na kuiona kwa macho kila mara. Mashine huwa na uzito zaidi kwa anayepasuliwa mara ya pili, mwenye saratani, mwenye goita ya kifuani, na aliye na uzi mmoja uliokwisha kupooza.

Ipo pia njia ya kutia ganzi neva za shingo na kumpasua mgonjwa akiwa macho, akiombwa azungumze mara kwa mara. Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, aliwapasua wengi kwa ganzi. Bado hutumika kwa goita ndogo na kwa wasioweza kuhimili usingizi mzito, japo haimfai mwenye hofu nyingi wala goita kubwa.

Kuamka na usiku wa kwanza

Kuamka kunatakiwa kuwa kwa utulivu, kwani kikohozi na kutapika hupandisha presha ya mishipa ya shingo na kufungua iliyofungwa. Dawa za kuzuia kichefuchefu hutolewa kabla. Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa juu kidogo. Koo kuwasha na sauti kuwa nzito kwa siku chache ni kawaida, na mara nyingi ni kwa sababu ya mrija, si neva.

Hatari kubwa ya saa 24 za kwanza, hasa saa 6 za mwanzo, ni damu kujikusanya ndani ya shingo. Shingo huvimba na kukaza, mgonjwa hukosa utulivu, hushindwa kumeza, hutaka kuketi, sauti hubadilika. Bandeji kavu haimaanishi kwamba ndani hakuna damu. Nesi akiitwa hatakiwi kungoja thieta: mishono hukatwa papo hapo kitandani na damu kutolewa, kisha mgonjwa hukimbizwa. Vifaa vya kazi hiyo vinafaa kuwa kando ya kitanda, na jamaa anayekaa na mgonjwa anaweza kuuliza vilipo bila kuona haya. Kurudi nyumbani siku hiyo hiyo hakumfai anayeishi Kayole au Dandora, ambako gari la saa nane usiku ni la kubahatisha.

Kati ya siku ya kwanza na ya tatu, aliyetolewa tezi yote aangalie ganzi na mchomo midomoni na kwenye ncha za vidole, au mikazo ya mikono. Tezi nne ndogo zinazosimamia kalisi hukaa nyuma ya thairoidi na huweza kuzirai kwa muda. Vidonge vya kalisi na vitamini D huondoa dalili hizo. Mikazo mikali huhitaji sindano hospitalini haraka.

Sauti isiporudi ndani ya wiki 2, nyuzi hutazamwa tena kwa kamera. Majeraha mengi ya neva iliyovutwa tu hupona kati ya wiki chache na miezi 6, na mazoezi na mtaalamu wa usemi husaidia wakati huo. Upasuaji wa kudumu wa kuusogeza uzi kwa kawaida husubiri karibu mwaka. Anayepaliwa na maji asingoje tarehe ya kliniki, kwa kuwa yanaingia mapafuni.

Asiye na tezi humeza levothairoksini kila siku maishani, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na saa 4 mbali na kalisi. Damu hupimwa baada ya wiki 6 hivi ili dozi irekebishwe.

Wakati wa kutoka wodini, muhtasari wa hospitali unafaa kutaja mambo manne: mrija uliingizwa kwa urahisi au kwa shida na kwa ukubwa gani, vagasi ilisomaje mwanzoni na mwishoni, nyuzi zilitembeaje baada ya upasuaji, na jibu la maabara kuhusu tezi iliyotolewa. Karatasi hupotea katika kuhama nyumba, hivyo picha yake ikae kwenye simu ya mgonjwa na ya jamaa mmoja. Daktari wa usingizi atakayefuata ataihitaji, hata kama ni upasuaji wa kujifungua katika hospitali ya uzazi ya Pumwani miaka kadhaa baadaye.